Galileo Galilei: Taa Iliyobembea Kanisani na Ukweli Uliochelewa Kutambuliwa

Ndugu msomaji, katika Misa Takatifu za sherehe umewahi kumwona mtumishi wa altare akisubiri kando ya padre, chetezo kikiwa mkononi mwake. Kabla ya wakati wake kufika, mtoto huyo hukibembeza kidogo, mbele na nyuma, ili makaa yasizime. Akiushika mnyororo kwenye ncha yake ya juu, chetezo huenda na kurudi polepole. Akiufupisha kwa kuushika karibu na kifuniko, chetezo huenda harakaharaka. Lakini akikisukuma kwa nguvu kidogo zaidi au kidogo pungufu, bila kubadili urefu wa mnyororo, muda wa kwenda na kurudi haubadiliki kiasi cha kuonekana kwa macho. Jambo hili dogo limekuwa mbele ya Wakristo kwa karne nyingi. Mtu aliyelichunguza kwa makini kuliko waliomtangulia alikuwa Mkatoliki, na jina lake ni Galileo Galilei.

Vijana wa sekondari wanaokuja kuzungumza nami baada ya vipindi vya dini huniuliza swali moja kwa namna nyingi: iwapo mtu anayeipenda fizikia anaweza kubaki mwana wa Kanisa kwa moyo mnyofu. Nyuma ya swali hilo, karibu kila mara, lipo jina la Galileo. Wamesikia kwamba Kanisa lilimhukumu, na wengine wamesikia hata kwamba lilimchoma moto, jambo ambalo si kweli. Nimeona vyema tuyasimulie maisha yake kwa utaratibu, bila kuficha kosa la upande wowote, tukikifuata kitu kimoja kilichoandamana naye tangu ujana hadi kifo chake: uzito ulioning'inizwa kwenye uzi na kuachwa ubembee, ambao wataalamu huuita pendulamu.

Kijana wa Pisa

Galileo alizaliwa katika mji wa Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo Galilei, alikuwa mwanamuziki na mtaalamu wa nadharia ya muziki. Mzee huyo hakukubali kanuni za mabingwa wa kale kwa sababu tu zilikuwa za kale. Alizifunga nyuzi, akazivuta kwa uzito mbalimbali, kisha akasikiliza kwa masikio yake mwenyewe kama sauti zilipatana na zile kanuni. Mwanawe aliirithi tabia hiyo ya kupima kabla ya kusadiki.

Akiwa bado kijana mdogo, Galileo alisomeshwa na wamonaki katika abasia ya Vallombrosa, akavutiwa na maisha yao hata akaanza unovisi. Baba yake alimwondoa huko, kwa kuwa alitaka mwanawe awe daktari aisaidie familia. Mwaka 1581 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Pisa kusomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hisabati, na mwaka 1585 aliondoka chuoni bila shahada.

Mwanafunzi wake wa mwisho, Vincenzo Viviani, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba katika miaka hiyo ya masomo Galileo aliitazama taa ikibembea katika kanisa kuu la Pisa. Kwa kuwa hakuwa na saa, aliupima mwendo wa taa kwa mapigo ya mshipa wake. Akaona kwamba bembea ilipokuwa pana na ilipopungua, muda wa kwenda na kurudi ulikuwa uleule. Wanahistoria wanalipokea simulizi hili kwa tahadhari, maana liliandikwa miaka mingi baadaye, na taa kubwa inayoonyeshwa kwa wageni hadi leo iliwekwa mwaka 1587, baada ya wakati unaotajwa. Hata hivyo taa zilikuwepo kanisani kabla ya ile. Na lililo hakika ni kwamba mwaka 1602, akiwa profesa wa hisabati huko Padova, Galileo alimwandikia rafiki yake Guidobaldo del Monte barua ndefu kuhusu jambo hilohilo la bembea.

Majaribio yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Alichukua mpira wa risasi na mpira wa kizibo, yaani gome jepesi la kuzibia chupa, akauning'iniza kila mmoja kwenye uzi wa urefu sawa wa dhiraa nne au tano, akaiachia pamoja. Mmoja ulikuwa mzito mara nyingi kuliko mwingine, lakini ilikwenda na kurudi pamoja, mara mia na zaidi. Hivyo uzito wa kitu hauamui muda wa bembea. Kinachoamua ni urefu wa uzi. Tena aligundua kanuni ya urefu huo: ukitaka muda uwe mara mbili, ni lazima uzi uwe mrefu mara nne. Msomaji anaweza kujaribu nyumbani kwa uzi na jiwe. Uzi wa sentimita 25 huenda na kurudi kwa takriban sekunde moja, uzi wa mita moja kwa takriban sekunde mbili, na uzi wa mita nne kwa takriban sekunde nne.

Tuseme pia kwamba hapo Galileo alivuka mpaka. Alidai kwamba muda haubadiliki hata bembea ikiwa pana kiasi gani. Jambo hilo ni kweli kwa bembea ndogo tu. Uzito ukiinuliwa hadi uzi ulale sambamba na sakafu, muda wa bembea huongezeka kwa karibu asilimia 18. Baadaye wengine walimsahihisha, miongoni mwao Wajesuiti wa Bologna wakiongozwa na Padre Giovanni Battista Riccioli, ambao walikaa zamu usiku na mchana wakihesabu bembea moja moja kwa saa 24. Nalitaja hili mapema ili tukumbuke, tutakapofika kwenye hukumu, kwamba mapadre hawakuwa upande mmoja na sayansi upande mwingine.

Darubini na Maandiko Matakatifu

Galileo alikaa Padova miaka 18, kuanzia 1592 hadi 1610. Huko aliishi na mwanamke aitwaye Marina Gamba bila kufunga naye ndoa, wakazaa watoto watatu: Virginia, Livia na Vincenzo. Hatuna sababu ya kuficha jambo hilo wala kulipamba. Wasichana hao wawili, kwa kuwa hawakuzaliwa katika ndoa, hawakuwa na tumaini kubwa la kuolewa kwa heshima katika jamii ya wakati ule, na baba yao aliwapeleka wakiwa bado wadogo katika monasteri ya Waklara ya San Matteo, Arcetri, nje kidogo ya Firenze. Virginia alipokea jina la Sista Maria Celeste, na mdogo wake jina la Sista Arcangela.

Mwaka 1609 Galileo alisikia habari za chombo kipya kinachovuta vitu vya mbali karibu na macho. Alijitengenezea chake, akakiboresha, akakielekeza mbinguni. Mwishoni mwa mwaka 1609 aliona milima mwezini, na mwanzoni mwa mwaka 1610 aliona nyota ndogo nne zikiizunguka sayari ya Mshtarii. Mwishoni mwa mwaka huo aliona kwamba Zuhura hupungua na kujaa kama mwezi. Mwaka 1611 alikwenda Roma, na Wajesuiti wa Chuo cha Roma, pamoja na mzee wao Padre Christoph Clavius, walithibitisha kwamba aliyoyaona yalikuwa kweli. Alipokelewa kwa heshima.

Yote hayo yalimwelekeza kwenye fundisho ambalo Nicolaus Copernicus, mkanoni wa kanisa kuu la Frombork huko Poland, alikuwa amelichapisha mwaka 1543: kwamba jua halizunguki dunia, bali dunia hujizungusha yenyewe na kulizunguka jua. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Baadhi ya wahubiri walisema fundisho hilo linapingana na Maandiko Matakatifu, wakitaja habari ya Yoshua kuliamuru jua lisimame. Mwaka 1615 Galileo alijibu kwa barua ndefu kwa Mama Mkuu wa utawala wa Toscana, Cristina wa Lorraine. Alieleza kwamba Maandiko na maumbile yote hutoka kwa Mungu yuleyule na hayawezi kupingana. Kwamba Roho Mtakatifu alikusudia kutufundisha njia ya wokovu, si muundo wa anga. Na kwamba waandishi watakatifu walisema kwa lugha ya watu wa kawaida. Aliyategemea mafundisho ya Mtakatifu Augustino. Katika hili mlei huyo asiye na shahada ya teolojia aliona mbali kuliko wanateolojia wengi wa wakati wake.

Ushahidi alioukosa

Kardinali Roberto Bellarmino, ambaye leo ni mtakatifu na mwalimu wa Kanisa, alikuwa mtu wa akili na wa sala. Msimamo wake, kama alivyoueleza mwaka 1615, ulikuwa hivi: ushahidi wa kweli kwamba dunia inazunguka ukipatikana, ingelazimu kuyafafanua Maandiko kwa uangalifu mkubwa, na kukiri kwamba hatukuyaelewa, kuliko kuliita la uongo jambo lililothibitishwa. Lakini yeye hakuwa ameonyeshwa ushahidi huo, na aliona mashaka kama upo.

Swali lilikuwa la haki. Kama dunia inajizungusha kwa kasi, mbona hatusikii mwendo wake? Mbona jiwe likiangushwa kutoka mnarani huanguka chini ya mnara, wala haliachwi nyuma? Galileo alijibu vizuri kwamba vitu vyote vilivyo duniani vinashiriki mwendo huo, kama abiria ndani ya chombo kinachosafiri bahari tulivu. Lakini jibu hilo lilionyesha tu kwamba mwendo wa dunia unawezekana; halikuonyesha kwamba upo. Alihitaji kitu cha kuushuhudia.

Alidhani amekipata katika maji kupwa na kujaa. Alifundisha kwamba mizunguko miwili ya dunia ikiungana husababisha bahari kuyumba kama maji katika beseni linalosukumwa. Wale walioona kwamba mwezi una sehemu katika jambo hilo, akiwemo Johannes Kepler, aliwashangaa kana kwamba wanaamini mambo ya giza. Lakini mvuvi yeyote wa Bagamoyo au Kilwa angeweza kumsahihisha, maana anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba bamvua na maji mafu hufuata umri wa mwezi. Nadharia ya Galileo ilitaka maji yajae mara moja tu kwa siku.

Tazama basi jinsi mambo yalivyokuwa. Galileo alikuwa sahihi kuhusu dunia, lakini ushahidi alioutegemea haukuwa sahihi. Wapinzani wake walikuwa na haki ya kudai ushahidi, lakini walikosa kuhusu dunia, na walikosa zaidi walipoligeuza swali la maumbile kuwa swali la imani. Mnamo Februari 1616 Bellarmino alimwonya Galileo aache kulishikilia fundisho lile, na tarehe 5 Machi kitabu cha Copernicus kilizuiwa mpaka kifanyiwe masahihisho.

Hukumu ya mwaka 1633

Mwaka 1623 Kardinali Maffeo Barberini, rafiki na msifuji wa Galileo, alichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu Urbano VIII. Galileo alipata matumaini. Baba Mtakatifu alimruhusu kuandika juu ya mifumo miwili ya ulimwengu, mradi aieleze kama dhana tu wala asidai kuthibitisha. Alimkataza pia kukipa kitabu chake jina linalohusu maji kupwa na kujaa. Kitabu kilitoka Firenze mwaka 1632, kikiwa na kibali cha wakaguzi wa Kanisa. Ni mazungumzo ya watu watatu, na anayeutetea mfumo wa kale anaitwa Simplicio, jina linaloweza kusikika kama mjinga. Hoja aliyoipenda Baba Mtakatifu iliwekwa kinywani mwa huyo Simplicio. Sijui kama Galileo alikusudia dharau, lakini Urbano aliona amedharauliwa na rafiki.

Galileo aliitwa Roma, akafika Februari 1633 akiwa mgonjwa, anatimiza miaka 69. Hakutupwa katika shimo la gereza. Alikaa kwa balozi wa Toscana, na wakati wa mahojiano aliwekwa katika vyumba vya Mahakama Takatifu yenyewe. Lakini tusiupunguze uzito wa tendo. Mzee alitishiwa mateso. Katika jalada ilikutwa karatasi ya mwaka 1616, isiyo na sahihi yake, iliyodai kwamba alikatazwa kulifundisha fundisho lile kwa namna yoyote. Yeye alikuwa na hati ya Bellarmino yenye masharti mepesi zaidi, lakini Bellarmino alikwisha kufariki, wala hakuweza kuitwa kutoa ushuhuda.

Tarehe 22 Juni 1633, katika konventi ya Wadominikani ya Santa Maria sopra Minerva, alipiga magoti mbele ya makardinali akaukana msimamo wa kwamba dunia inazunguka. Kati ya makardinali kumi waliotajwa katika hukumu, watatu hawakuweka sahihi zao. Neno mashuhuri ambalo watu husimulia kwamba alilinong'ona alipoinuka halimo katika kumbukumbu za kesi. Tunachojua ni kwamba aliinuka akiwa mtu aliyehukumiwa kifungo, kitabu chake kikiwa kimepigwa marufuku, na akiwa ameagizwa kusali zaburi saba za toba mara moja kila wiki kwa miaka mitatu.

Binti katika monasteri

Askofu Mkuu wa Siena, Ascanio Piccolomini, alimpokea nyumbani kwake akamtunza hata mzee akarudiwa na nguvu za kufanya kazi. Desemba 1633 aliruhusiwa kurudi Arcetri, akae nyumbani kama mfungwa. Nyumba yake ilikuwa jirani na monasteri ya mabinti zake.

Barua 124 za Sista Maria Celeste kwa baba yake zimehifadhiwa. Za baba yake zimepotea. Katika barua hizo tunamkuta mtawa maskini anayeshona kola za baba yake, anayempikia matunda ya sukari, anayesimamia dawa za monasteri na kuomba msaada jumuiya inapopungukiwa. Wakati fulani saa ya monasteri iliharibika na kaka yake alishindwa kuitengeneza; ikapelekwa kwa baba. Alipopata habari ya hukumu, Maria Celeste hakumlaumu baba yake wala hakuliacha Kanisa. Alijitwika wajibu wa kusali zile zaburi saba kila wiki kwa niaba yake.

Walionana tena kwa miezi michache tu. Maria Celeste aliugua ugonjwa wa kuhara damu, akafariki tarehe 2 Aprili 1634 akiwa na umri wa miaka 33. Kwa Galileo pigo hilo lilikuwa zito kuliko lile la Roma. Mimi, kila ninaposoma habari za kesi ile, humkumbuka mtawa huyu kwanza. Yeye aliishi ndani ya jeraha hilo pande zote mbili: alikuwa binti wa Kanisa lililohukumu, na binti wa mtu aliyehukumiwa, akawapenda wote wawili bila kusema uongo kuhusu yeyote.

Saa ya kipofu

Katika upweke huo Galileo alirudi kwenye mambo ya ujana wake: vitu vinavyoanguka, mihimili inayobeba mizigo, na uzito unaobembea kwenye uzi. Kitabu chake kikubwa kuliko vyote, kinachohusu sayansi mbili mpya, kilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, kwa kuwa hakuweza kukichapisha Italia. Humo ndimo tunamosoma habari za ile mipira ya risasi na ya kizibo. Kilipotoka, mwandishi wake hakuweza kukisoma: tangu mwishoni mwa mwaka 1637 macho yake yote mawili yalikuwa yamepofuka.

Hakuachwa peke yake. Mapadre wa shirika la Mtakatifu Yosefu Calasanz walimtembelea, na mmoja wao akawa mwandishi wake. Kijana Viviani alihamia kwake, na baadaye Evangelista Torricelli. Mwaka 1641, akiwa kipofu, alifikiri jinsi ya kutumia pendulamu kuongoza saa. Saa za wakati ule zilipotea kwa dakika nyingi kila siku, na mabaharia walihitaji saa ya kuaminika ili wajue walipo baharini. Kwa kuwa hakuweza kuchora, alimweleza mwanawe Vincenzo, naye akachora. Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642, akiwa na umri wa miaka 77, na Vincenzo alifariki mwaka 1649 kabla ya kuikamilisha saa ile. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyefanikiwa kutengeneza saa ya pendulamu mwaka 1656, tena alisahihisha lile kosa kuhusu bembea pana.

Mtawala wa Toscana alitaka kumjengea kaburi la heshima katika kanisa la Santa Croce, Firenze, lakini Roma haikupenda. Akazikwa katika chumba kidogo pembeni. Ni mwaka 1737 tu mabaki yake yalipohamishiwa ndani ya kanisa lenyewe, kwenye kaburi la marumaru.

Ushahidi uliokuwa umening'inia

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1661 Viviani, mwanafunzi yuleyule, aliandika kwamba pendulamu iliyofungwa kwa uzi mmoja haibaki kwenye mstari uleule iliyoanzia. Polepole mstari wa bembea hugeuka, na daima hugeuka upande uleule. Aliliona, akaliandika, akapita. Hakuuliza kwa nini.

Miaka 190 baadaye, Januari 1851, Mfaransa Léon Foucault alining'iniza uzito katika chumba cha chini cha nyumba yake mjini Paris, akaliona jambo hilohilo, na akaelewa. Machi mwaka huo alilionyesha hadharani katika jengo la Panthéon, lililojengwa kwa nia ya kuwa kanisa la Mtakatifu Genoveva. Uzito ulikuwa wa kilo 28, waya ulikuwa na urefu wa mita 67, na kila bembea ilichukua sekunde zaidi ya 16. Watu walisimama kuuzunguka, wakaona kwamba kwa kila saa mstari wa bembea uligeuka nyuzi zipatazo 11. Hapakuwa na mtu aliyeusukuma kando. Pendulamu iliendelea na njia yake. Sakafu ndiyo iliyogeuka chini yake, pamoja na jengo, na mji, na watazamaji wenyewe. Kwenye ncha za dunia mstari ungemaliza duara zima kwa takriban siku moja. Kwetu karibu na Ikweta hugeuka kidogo mno, na kwenye Ikweta yenyewe haugeuki kabisa.

Kabla ya hapo wanaastronomia walikwisha kukusanya ushahidi mwingine, lakini huu ulionekana kwa macho ya mtu yeyote ndani ya jengo, bila darubini. Ushahidi ambao Bellarmino aliudai, na ambao Galileo aliutafuta baharini asiupate, ulikuwa katika kitu ambacho Galileo alikitazama tangu ujana. Kila taa ndefu iliyobembea kwenye uzi katika makanisa ya Italia ilikuwa ikiutoa, kwa udhaifu mno, usiku na mchana. Haukuonwa na mshtakiwa wala na mahakimu, kwa sababu wote walikuwa wamesimama juu ya sakafu moja, na sakafu hiyo ilikuwa ikienda nao.

Kanisa lakiri

Kanisa lilirudi kwenye jambo hili hatua kwa hatua. Katika Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa ya mwaka 1758, chini ya Baba Mtakatifu Benedikto XIV, katazo la jumla dhidi ya vitabu vya mwendo wa dunia liliondolewa. Mwaka 1822 ruhusa ya kuchapisha vitabu hivyo Roma ilitolewa wazi, na katika orodha ya mwaka 1835 kitabu cha Galileo hakikuwemo tena. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 36, ulisikitikia mielekeo ya Wakristo ambao hawakuutambua uhuru halali wa sayansi. Mwaka 1979 Mtakatifu Yohane Paulo II aliomba suala zima lichunguzwe upya, na tarehe 31 Oktoba 1992 alikiri hadharani kwamba wanateolojia wale walikosa.

Wapo wanaosema kukiri huko kulichelewa mno. Ni kweli, kulichelewa, na sioni faida ya kutafuta udhuru.

Tunajifunza nini

Wapendwa, nafsi zetu hubembea kwa urahisi. Mtu aliyefundishwa kuiogopa sayansi, siku akigundua kwamba ameogopeshwa bure, mara nyingi hukimbilia ncha ya pili, akaitupa imani pamoja na woga. Na aliyeumizwa na majivuno ya wasomi naye hurudi kwa kasi upande wa woga. Nimeiona bembea hiyo katika familia za waamini wetu, baba akiwa ncha hii na mwana ncha ile, kila mmoja akiusukuma uzito kwa nguvu zaidi.

Galileo na Bellarmino, kwa maandishi yao, walikuwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Wote wawili walikubali kwamba ukweli hauwezi kuupinga ukweli, na kwamba ushahidi ukipatikana ni sisi tunaopaswa kujifunza upya kuyasoma Maandiko. Kilichokosekana ni subira. Galileo aliharakisha kudai amethibitisha, na mahakimu wake waliharakisha zaidi kufunga mlango. Lakini makosa hayo mawili hayalingani: mmoja alikosea katika hesabu, wengine walimpigisha mzee magoti kwa jambo lisilo la imani.

Kwa makatekista, walimu wa dini na wazazi nina ombi moja. Kijana akiwaletea swali gumu kutoka darasa la fizikia, msimjibu kwa kumtisha, wala msijifanye mnajua msilolijua. Mwambieni kwamba mtalitafuta pamoja, kisha mlitafute kweli. Na kwa vijana wetu: someni fizikia kwa bidii, na msiache kusali. Sista Maria Celeste aliyajua mambo yote mawili, akayabeba katika moyo mmoja. Katika Misa ijayo yenye uvumba, mkitazameni chetezo kinavyokwenda na kurudi, kisha mrudi kwenye sala zenu.

Tumsifu Yesu Kristo.